Shajara ya mradi: kujenga "tunza", kidhibiti kidogo cha matoleo kwa wanaoanza

Jumatatu: lengo na masharti

Miongozo mingi ya udhibiti wa matoleo, yaani kutunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi, humpa anayeanza kuandika programu amri tano au sita za Git, programu maarufu ya kazi hiyo, na kumwambia azikariri. Anazikariri, na kazi inakwenda vizuri mpaka siku terminali (dirisha la kuandikia amri) inapomjibu kitu ambacho mwongozo haukukitaja. Hapo hana pa kushika. Anafuta folda nzima, anapakua upya, anaanza tena. Wanaofanya hivyo si wazembe, na wengi wao huandika msimbo safi kabisa. Ni kwamba amri walipewa, lakini kile amri hizo zinachokigusa hawakuonyeshwa.

Mradi huu unajaribu njia nyingine. Mimi na mwenzangu tunaandika kwa Python kidhibiti cha matoleo kidogo kabisa, tumekiita tunza, na kila kipande kinachoongezwa nakieleza humu. Hatutarajii mtu akitumie kazini. Tunachotaka ni kwamba aliyekisoma, siku akifungua folda iliyofichwa ya .git ndani ya mradi wake mwenyewe, asikute mgeni humo.

Masharti ni machache. Tutatumia maktaba zinazokuja na Python pekee: hashlib kwa heshi (jina linalokokotolewa kutoka kwenye maudhui), zlib kwa kubana data, difflib kwa kulinganisha mistari. Mambo ya mtandao hatuyagusi. Na pale Git inapofanya jambo kwa namna fulani, tunza ifuate namna hiyohiyo hata kama njia ya mkato ipo. Mwenzangu alilikubali sharti hili la mwisho kwa shingo upande. Nadhani ndilo la maana kuliko yote, maana njia ya mkato ingetupa programu nzuri isiyomfundisha mtu chochote kuhusu Git.

Jumanne: ghala

Kipande cha kwanza hakina matoleo wala historia. Ni ghala tu. Unalipa maudhui ya faili, linakupa jina. Ukirudi na jina hilo, linakupa maudhui yako. Cha kuzingatia ni kwamba jina hulichagui wewe. Linakokotolewa kutoka kwenye maudhui yenyewe kwa hesabu ya SHA-1, na matokeo yake huandikwa kwa alama 40, yaani tarakimu pamoja na herufi a hadi f. Badilisha nukta moja ndani ya faili ndefu, jina lote linakuwa jingine. Usipobadilisha kitu, jina ni lilelile, hata likikokotolewa kwenye kompyuta nyingine mwaka mwingine.

Nimeanza majaribio na faili tupu kwa sababu haina utata. SHA-1 ya utupu ni da39a3ee5e6b4b0d3255bfef95601890afd80709. Lakini ukiiuliza Git kwa amri ya git hash-object, faili hiyohiyo tupu inaitwa e69de29bb2d1d6434b8b29ae775ad8c2e48c5391. Tofauti inatoka kwenye kichwa: kabla ya kukokotoa, Git hutanguliza aina ya kitu (kwa maudhui ya faili ni neno blob), nafasi moja, ukubwa wake kwa baiti, kisha baiti ya sifuri. Kwa hiyo hata faili tupu haifiki tupu kwenye hesabu. Kwa Python ni mistari mitatu:

```
def heshi_ya(maudhui):
    kichwa = b"blob " + str(len(maudhui)).encode() + b"\0"
    return hashlib.sha1(kichwa + maudhui).hexdigest()
```

Baada ya kichwa hicho, tunza na Git zinatoa jina moja. Kama mradi wako wa Git una faili tupu mahali fulani, nenda .git/objects, tafuta folda ya e6, na ndani yake huenda ukaikuta faili inayoanza na 9de29bb. Alama mbili za mwanzo hufanywa folda na 38 zilizobaki hufanywa jina la faili, ili folda moja isijae maelfu ya faili. (Hazina, yaani folda ya mradi pamoja na historia yake, ikiwa ya zamani huenda imezifungasha faili hizo ndogondogo kwenye furushi moja, basi usishangae ukizikosa.)

Faida mbili zimejitokeza zenyewe, hatukuandika hata mstari mmoja wa ziada kwa ajili yake. Faili mbili zenye maudhui sawa huhifadhiwa mara moja, kwa kuwa jina lao ni moja. Na data ikiharibika kwenye diski, ukikokotoa upya jina litakataa kulingana, kwa hiyo uharibifu haupiti kimyakimya.

Mtu makini atauliza kama faili mbili tofauti zinaweza kuangukia jina moja. Kwa bahati tu, uwezekano ni mdogo kiasi cha kutojali. Kwa makusudi imeshafanyika: mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walitoa faili mbili tofauti za PDF zenye SHA-1 moja. Git ikaongezewa uwezo wa kutambua shambulio la aina hiyo, na siku hizi hazina inaweza pia kuanzishwa kwa SHA-256. Anayeanza halazimiki kulifikiria hilo, lakini asije mtu akamtisha nalo.

Jumatano: mti, komiti na mzazi

Ghala la jana halijui majina ya faili. Linajua maudhui tu. Leo nimeongeza vitu viwili. Cha kwanza ni mti: orodha ya majina ya faili, na mbele ya kila jina, heshi ya maudhui yake. Folda ndani ya folda ni mti ndani ya mti. Mti nao unahifadhiwa ghalani kama kitu kingine chochote, kwa hiyo nao una heshi yake. Heshi ya mti wa juu kabisa, kwa alama zake 40, inatosha kutaja hali ya mradi mzima kwa wakati fulani, mpaka herufi ya mwisho ya faili ya mwisho.

Cha pili ni komiti. Watu wengi wanadhani komiti ni kitu kizito. Hii hapa moja ya tunza, nzima:

```
mti 7c1e…
mzazi 2fa9…
mwandishi mwenzangu
wakati 1718200000

Ongeza ukaguzi wa orodha tupu
```

Basi. Ni maandishi mafupi yanayosema mradi ulikuwaje, ulitokana na komiti ipi, nani kaandika, lini, na kwa nini. Git huandika hivyohivyo kwa maneno yake ya Kiingereza, na daima huongeza mstari wa mtu aliyeikomiti, hata akiwa ndiye mwandishi. Kwa kuwa maneno yetu ni mengine, heshi za komiti za tunza hazilingani na za Git. Za maudhui zinalingana. Hilo tumelikubali.

Mstari wa mzazi ndio unaoleta historia. Komiti inamjua mzazi wake, mzazi hajui watoto wake, kama nasaba inavyosomwa: fulani bin fulani bin fulani, kutoka wa leo kwenda wa kale. Komiti ya kwanza ya mradi haina mzazi. Na kwa kuwa heshi ya mzazi imo ndani ya maandishi ya mtoto, na heshi ya mtoto inakokotolewa kutoka kwenye maandishi hayo, huwezi kugusa komiti ya zamani bila majina ya wazao wake wote kubadilika. Sentensi hiyo nitairudia tutakapofika kwenye kurudi nyuma, maana humo ndimo hofu nyingi za Git zinamozaliwa.

Mwenzangu ameuliza swali zuri: kwa nini kuhifadhi picha nzima ya mradi kila mara badala ya kuhifadhi kilichobadilika tu? Mifumo ya mwanzo ilihifadhi tofauti. SCCS, aliyoiandika Marc Rochkind huko Bell Labs mwaka 1972, na RCS ya Walter Tichy ya miaka ya 1980, zote zilishughulika na faili mojamoja na kutunza mabadiliko yake. Diski zilikuwa ghali. Lakini ukihifadhi tofauti pekee, kujua mradi mzima ulivyokuwa siku fulani ni kazi ya kuunganisha vipande. Kwenye picha, unafungua komiti na unaiona hali yote. Faili ambazo hazijabadilika haziongezi mzigo, maana ghala linazijua tayari. Git baadaye hufungasha vitu na kuhifadhi baadhi yake kama tofauti ili kuokoa nafasi, lakini hilo ni suala la uhifadhi. Unapofikiria, fikiria picha.

Alhamisi: historia

Amri ya tunza historia imeandikwa kabla ya chai kupoa. Soma komiti ya sasa, chapisha ujumbe, nenda kwa mzazi, rudia mpaka mzazi akosekane.

Kilichotuchukua muda ni ujumbe wenyewe. Tumeamua tunza ikatae ujumbe mtupu, na ionye mstari wa kwanza ukizidi alama 50 hivi, kama ilivyo desturi ya watumiaji wengi wa Git. Ujumbe kama "mabadiliko" au "nimerekebisha" haumsaidii mtu. Tofauti za mistari tayari zinaonyesha kwamba kuna kilichobadilika. Kinachokosekana kwenye tofauti ni sababu. "Zuia kugawanya kwa sifuri orodha ikiwa tupu" ni ujumbe ambao mwaka kesho utamwokoa mtu asiondoe sharti linaloonekana halina kazi.

Ijumaa: ubishi juu ya maandalizi

Tumebishana leo. Mwenzangu anaona sehemu ya maandalizi, ile hatua ya git add inayotangulia git commit, ndiyo inayowakimbiza wanaoanza, na kwamba tungeiruka tu. Mercurial, kidhibiti kingine cha matoleo kilichozaliwa mwaka 2005 sawa na Git, haina hatua hiyo kwa kawaida yake, na watu waliitumia bila shida. Ana hoja.

Nimeitetea kwa mfano. Umekaa kurekebisha hitilafu moja. Katikati ya kazi umeona jina baya la kigezo ukalibadilisha, halafu kwenye faili nyingine ukafuta msimbo uliokufa. Hayo ni mambo matatu. Ukiyatia kwenye komiti moja, kesho ukitaka kuondoa moja tu utalazimika kuyaondoa yote. Maandalizi yanakuruhusu kuchagua kipi kiingie kwenye picha inayofuata na kipi kisubiri, hata kama vyote vimeshaandikwa kwenye diski.

Tumeiweka. Amri ni tunza andaa, kisha tunza weka. Na hapo limeonekana jambo ambalo kwenye Git wengi huligundua kwa maumivu: andaa inatia maudhui ghalani wakati uleule unapoiita. Ukiandaa faili saa nne, ukaihariri tena saa tano, ukaikomiti saa sita, kinachoingia ni cha saa nne. Kwa hiyo kuna mahali patatu pa kukumbuka, yaani folda unamofanyia kazi, maandalizi, na komiti ya mwisho. Kwenye Git, git diff hulinganisha pa kwanza na pa pili; git diff --staged hulinganisha pa pili na pa tatu. Mtu aliyeandaa kila kitu halafu git diff ikamwonyesha skrini tupu hajapoteza kazi yake. Ameuliza swali lisilo lake.

Orodha ya kupuuza, ile ya faili ya .gitignore, tumeifanya kwa haraka. Humo huingia vinavyozalishwa na programu yenyewe, kama folda ya __pycache__, na faili za siri. Angalizo moja: orodha hiyo haina nguvu juu ya faili ambayo Git tayari inaifuatilia. Kuacha kuifuatilia kuna amri yake, git rm --cached, ingawa komiti za zamani zinabaki nayo.

Jumamosi: matawi

Siku niliyokuwa naisubiri. Tawi, yaani mkondo wa kazi unaoendelea kando na mingine, ni faili yenye heshi moja ndani yake. Hakuna zaidi. Kwenye Git, fungua .git/refs/heads/main utakuta alama 40 na alama ya mstari mpya: baiti 41. Kuunda tawi ni kuandika baiti 41. Hakuna kinachonakiliwa, hata mradi uwe na faili elfu kumi. Kufuta tawi ni kuondoa lebo. Komiti zenyewe zinabaki ghalani kwa muda, ila hakuna jina linalozielekea.

Kuna faili nyingine iitwayo HEAD, inayosema uko kwenye tawi gani. Kwa kawaida ndani yake pameandikwa ref: refs/heads/main. Ukikomiti, mambo mawili hutokea: komiti mpya inaandikwa ghalani ikimtaja mzazi, na faili ya tawi ulilopo inaandikwa upya kwa heshi ya komiti hiyo. Tawi limesogea. Matawi mengine hayajui lolote.

Ukilielewa hilo, onyo maarufu la Git kwamba HEAD imejitenga halitishi tena. Maana yake ni kwamba HEAD ina heshi moja kwa moja badala ya jina la tawi. Unaweza kutazama, kujaribu, hata kukomiti. Ila ukiondoka hapo bila kuunda tawi, komiti zako mpya hazitakuwa na lebo. Dawa ni git switch -c pamoja na jina la tawi jipya, kabla hujaondoka.

(Amri za switch na restore zilikuja na Git 2.23, Agosti 2019. Kabla ya hapo checkout ilibeba kazi zote mbili, kubadili tawi na kurudisha faili, na miongozo ya zamani bado inaitumia. Kadhalika tawi la kwanza: kwa miaka mingi liliitwa master, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia hazina za Git, ilianza kuita main kwenye hazina mpya Oktoba 2020. Majina yote mawili utayakuta. Hayana nguvu yoyote ya pekee.)

Jumatatu tena: kuunganisha

Kipande kirefu kuliko vyote. Matawi mawili yameachana, kila moja limekomiti yake, sasa tunataka mradi mmoja wenye kazi zote mbili.

Jaribu kwanza kufikiria una faili mbili tu, yangu na yako, na hakuna kingine. Yangu ina mstari ambao yako hauna. Je, mimi niliuongeza, au wewe uliufuta? Kwa faili mbili swali hili halina jibu. Ndiyo maana kuunganisha kunahitaji faili ya tatu, ile ya babu wa pamoja, komiti ya mwisho ambayo matawi yote mawili yalikuwa nayo. Kama babu alikuwa na mstari huo, wewe umeufuta. Kama hakuwa nao, mimi nimeuongeza. Kumpata babu ni kutembea kwenye mistari ya wazazi kutoka pande zote mbili mpaka zikutane, kazi ambayo msimbo wa Alhamisi ulikuwa umeshaifanya nusu.

Kutoka hapo sheria ni fupi. Sehemu iliyobadilishwa na upande mmoja tu, chukua mabadiliko hayo. Iliyobadilishwa na pande zote kwa namna ileile, chukua. Iliyobadilishwa na pande zote kwa namna tofauti, simama umuulize binadamu. Huko kusimama ndiko kunakoitwa mgongano. Hakuna kilichoharibika, programu imekataa kubahatisha kwa niaba yako.

Mfano tuliouweka kwenye majaribio ni wa wastani. Babu ana mstari wa return jumla / idadi. Tawi moja linataka matokeo yawe na desimali mbili. Tawi jingine, tulilolipa jina idadi-sifuri, linazuia kugawanya kwa sifuri. Git, na sasa tunza, inaandika hivi ndani ya faili:

```
<<<<<<< HEAD
    return round(jumla / idadi, 2)
=======
    return jumla / idadi if idadi else 0
>>>>>>> idadi-sifuri
```

Juu ya mstari wa alama za usawa ni tawi ulilopo. Chini yake ni tawi linaloingia. Anayeanza hudhani anatakiwa kuchagua juu au chini. Hapa kuchagua upande wowote ni kupoteza kazi ya mtu. Jibu sahihi halimo kwenye pande zote mbili: return round(jumla / idadi, 2) if idadi else 0. Unafuta zile alama, unaandika mstari unaotimiza nia zote mbili, unaandaa, unakomiti. Komiti hiyo ina wazazi wawili. Hiyo ndiyo tofauti yake pekee na komiti nyingine.

Jambo ambalo miongozo mingi hulipita kimya ni kwamba kukosa mgongano hakumaanishi msimbo ni mzima. Tumeliandikia jaribio. Tawi la kwanza limebadilisha jina la kazi (function) kutoka soma kuwa soma_faili, kila mahali ilipoitwa. Tawi la pili, kwenye faili nyingine kabisa, limeongeza mstari mpya unaoita soma. Mistari haigusani, kwa hiyo kuunganisha kunapita bila neno, na programu inaanguka mara tu mstari ule ukifikiwa. Kidhibiti cha matoleo kinalinganisha mistari. Maana ya msimbo hakiijui. Baada ya kila kuunganisha, endesha majaribio.

Na kuna hali ambapo hakuna cha kuunganisha: tawi la main halijasogea tangu ulipotoka. Hapo lebo ya main inasogezwa mbele mpaka kwenye komiti yako, baiti 41 zinaandikwa upya, kwisha.

Jumanne: kurudi nyuma

"Nataka kurudi" ni maombi matatu tofauti, na tunza imeyapa amri tatu ili mtu asiyachanganye. La kwanza: nimevuruga faili, nirudishie ya komiti ya mwisho. Kwenye Git ni git restore --source=HEAD (bila nyongeza hiyo hurudisha ile iliyo kwenye maandalizi), na ujue kwamba kile ambacho hukuwahi kukiandaa wala kukikomiti hakimo ghalani, kwa hiyo kinapotea kweli. La pili: komiti fulani ilikuwa mbaya, iondoe athari yake. Hiyo ni git revert, na haifuti kitu. Inaongeza komiti mpya iliyo kinyume cha ile. La tatu: sogeza lebo ya tawi irudi nyuma, kana kwamba komiti za mwisho hazikuwapo. Hiyo ni git reset.

Sasa ile sentensi ya Jumatano. Kugusa komiti ya zamani hubadilisha majina ya wazao wake wote. Kama komiti hizo ziko kwako tu, hakuna wa kudhurika. Panga, unganisha, rekebisha ujumbe upendavyo. Kama wenzako wameshazichukua, wao wanazo za majina ya zamani na wewe una za majina mapya, na kwa macho ya Git hizo ni historia mbili. Kwa hiyo kwa kazi iliyokwisha kutumwa tumia revert. Ni kanuni ambayo huhitaji kuikariri ukijua heshi inakokotolewaje.

Komiti isiyo na lebo haifi papo hapo. Git hutunza kumbukumbu ya kila mahali HEAD ilipopita, git reflog, na kwa mipangilio ya kawaida maingizo hukaa siku 90, au 30 kwa yale yasiyofikika tena kutoka kwenye tawi. Mtu aliyefanya reset akajuta ana muda wa kutosha. Asome reflog, apate heshi, aunde tawi hapo.

Upande wa pili wa kudumu huko si mzuri. Mmoja wa wanaotujaribia tunza alikomiti nywila ya hifadhidata ya majaribio, akaifuta kwenye komiti iliyofuata, akauliza kama mambo yameisha. Hayajaisha. Picha ya komiti ya awali bado ina nywila, na yeyote mwenye nakala ya hazina anaisoma. Kuna zana za kusafisha historia, lakini la kwanza kabla ya zana yoyote ni kubadilisha nywila yenyewe.

Alhamisi: kuvuka kwenda Git

Tunza haina mtandao, kwa hiyo leo tumeandika sura ya kumvusha msomaji. Sehemu kubwa ni fupi mno kwa sababu vitu ni vilevile. Hazina ya mbali ni hazina nyingine. Unapoichukua kwa git clone unapata ghala lote na historia yote, tofauti na Subversion, kidhibiti kingine cha matoleo, ambako historia hukaa kwenye seva na wewe unapewa toleo la kufanyia kazi. Ndiyo maana Git hukomiti bila intaneti. Kuleta, git fetch, ni kuongeza vitu vinavyokosekana ghalani na kusasisha lebo za origin/main na wenzake, zinazokumbuka matawi ya hazina ya mbali yalipo; faili zako haziguswi. Git pull ni fetch ikifuatwa na kuunganisha, na kwa anayejifunza napendelea azifanye mbili mbali, aone kilichofika kabla hakijachanganyika na chake.

Tumeikalia zaidi ile hali ya git push kukataliwa. Umekomiti, unatuma, seva inagoma. Sababu ya kawaida ni hii: main ya kule imeshasogea, ina komiti ambayo wewe huna, na lebo ikisogezwa kwako komiti hiyo itabaki bila jina. Leta, unganisha, tuma tena. Wako watakaokushauri utumie --force. Inafanya kazi kweli, kwa kufanya hasa kile ambacho seva ilikuwa inakukinga nacho.

Mwenzangu aliomba aya ya chimbuko, nami nimeona inasaidia. Watengenezaji wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi waliyopewa bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa, na Linus Torvalds akaanza kuandika mbadala mwezi Aprili. Ndani ya siku chache Git ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe. Toleo lile la kwanza lilikuwa na amri saba ndogo za kuandika na kusoma vitu ghalani, na hakukuwa na amri ya kuunganisha. Julai mwaka huo usimamizi ukapokewa na Junio Hamano. Ukilinganisha, tunza ya Jumatano yetu iko karibu na Git ya Aprili 2005 kuliko Git ya leo ilivyo karibu na ile ya mwanzo. Msingi ni uleule; juu yake ndipo palipojengwa ghorofa.

Ijumaa: kusaka hitilafu, na yaliyobaki

Tumeongeza amri moja isiyokuwa kwenye mpango, tunza saka, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha msomaji faida ya komiti ndogondogo. Unaitajia komiti moja nzima na moja mbovu. Inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu nzima au mbovu, inakata nusu, inaendelea. Komiti 1,000 zinamalizwa kwa majaribio 10 hivi. Git ina git bisect kwa kazi hiyo. Kama kila komiti ina jambo moja, jibu linakuwa mistari michache. Kama ni kazi ya wiki nzima ndani ya komiti moja, umeambiwa tu kwamba tatizo limo humo.

Waliojaribu wamerudisha maswali mawili ya kufanyia kazi. Moja ni kwa nini folda tupu haionekani kwenye hazina: maandalizi yanaorodhesha faili, na folda hupatikana kupitia faili zilizomo. Watu huweka faili ndogo humo, kwa mazoea huitwa .gitkeep, jina ambalo Git yenyewe haina habari nalo. La pili ni gumu zaidi. Aliyefungua mradi kwenye Windows na kuuhifadhi kwa kihariri chake aliona kila mstari umebadilika ingawa hakugusa kitu. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, na kwa ghala linalopima baiti hizo ni faili mbili tofauti. Git hulitatua kwa faili ya .gitattributes. Tunza bado haina suluhisho, na mwenzangu ameshaanza tawi kwa ajili hiyo, mwisho-wa-mstari. Jaribio lake la kwanza halijapita, kwa hiyo halijaunganishwa.